Melty Blood: Type Lumina inapogoma: dalili, vyanzo na la kufanya

Malalamiko kuhusu gemu hii ya kupigana yanajirudia: padi haisomwi, pigo halitoki, pambano linasuasua, mpinzani anatoweka pembe moja na kuibukia nyingine. Anayelalamika huwa ameshailaumu intaneti kabla hujamuuliza swali lolote, ameshabadilisha bando, na tatizo bado lipo. Sababu ni kwamba makosa yanayofanana machoni yanatoka sehemu tatu tofauti kabisa: kifaa unachobonyeza, mashine inayochora picha, na njia ya mtandao. Kujua kosa linatoka sehemu ipi ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo nusu ambayo wengi wanairuka.

Kwa asiyeijua asili yake: Tsukihime ni riwaya ya picha ya kikundi cha Type-Moon, iliyotoka Japani Desemba 2000, Kinoko Nasu akiandika na Takashi Takeuchi akichora. Miaka miwili baadaye Type-Moon walishirikiana na Watanabe Seisakujo, ambao sasa ni French-Bread, wakawachukua wahusika wa riwaya na kuwaingiza ulingoni. Ikawa Melty Blood, Desemba 2002. Type Lumina ilitoka Septemba 30, 2021 kwa PlayStation 4, Xbox One, Switch na Windows. Mengi yaliyo hapa chini ni ya Windows, maana huko ndiko makosa yalikojaa. Pale inapohitajika nitaigusa Actress Again Current Code, ile ya zamani iliyoingia Steam (duka la gemu za kompyuta la mtandaoni) mwaka 2016 na ambayo bado ina wachezaji wake waaminifu.

Kabla ya yote: ingia kwenye mazoezi, intaneti ukiwa umeizima

Chagua mhusika yeyote, washa onyesho la vitufe ulivyobonyeza, cheza dakika kumi bila mtandao. Kosa likijitokeza hapo, mtandao hauhusiki hata kidogo, na hakuna bando litakalolitibu. Kosa lisipojitokeza, padi na kompyuta viko salama, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mtandao. Kipimo hiki hakigharimu chochote.

Gemu haifunguki, au inafunguka na kubaki nyeusi

Mara nyingi kuna faili lililoharibika wakati wa kushusha, hasa kama mtandao ulikatika au umeme ulizimika katikati. Kwenye Steam bofya kulia jina la gemu, ingia Properties kisha Installed Files, agiza faili zikaguliwe. Steam itashusha upya kile tu kilichoharibika, hivyo haitakumalizia bando.

Ukipata ujumbe kwamba faili fulani linalokwenda kwa jina la d3dx9 au vcruntime halipo, kompyuta yako imekosa vipande vya Microsoft ambavyo gemu inavitegemea. Visakinishi vyake kwa kawaida Steam huviweka kwenye folda iitwayo _CommonRedist. Usipovikuta, vichukue kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Nasisitiza hili: zipo tovuti nyingi zinazokupa faili moja moja la dll "bure". Usichukue. Huko ndiko watu wanakookota virusi kwa ajili ya tatizo ambalo lingeisha kwa kisakinishi halali.

Kinachofuata kwa wingi ni draiva ya kadi ya picha iliyopitwa na wakati, kisha laptopu zenye kadi mbili. Hizi za pili huiendesha gemu kwa kadi dhaifu iliyo ndani ya prosesa huku ile yenye nguvu imelala. Fungua mipangilio ya skrini ya Windows, sehemu ya Graphics, iongeze gemu na uipangie kadi yenye nguvu.

Wanaocheza Actress Again Current Code kwa kutumia CCCaster wana chanzo chao cha pekee. CCCaster ni programu iliyotengenezwa na wachezaji wenyewe ili gemu ichezeke vizuri mtandaoni, na inafanya kazi kwa kujichomeka ndani ya gemu ikiwa inaendeshwa. Programu za kuzuia virusi zinaona tabia hiyo, zinaifananisha na virusi, zinaifuta kimyakimya. Angalia orodha ya vilivyowekwa karantini. Ukiikuta humo, iruhusu yenyewe peke yake, na iwe umeichukua kwa watengenezaji wake. Usizime ulinzi wa kompyuta nzima.

Simama hapa kama kompyuta inajizima au inaonyesha skrini ya bluu hata ukifungua gemu nyingine. Hilo limeshakuwa tatizo la RAM, diski au umeme wa ndani, na linahitaji fundi. Usifungue kasha la pawasapulai kwa vyovyote: kapasita zake hubaki na chaji ya kudhuru hata waya ukiwa umechomolewa ukutani.

Padi haisomwi, au kila kitufe kinasoma mara mbili

Hili la kusoma mara mbili linawachanganya watu sana. Unabonyeza kulia mara moja kwenye menyu, kishale kinaruka nafasi mbili. Chanzo kikuu ni kwamba Windows inaona padi mbili wakati wewe umeshika moja. Steam ina mfumo wake wa kutafsiri padi. Ukiwa pia umewasha DS4Windows au programu kama hiyo, basi padi ileile inaingia kwenye gemu kwa milango miwili. Chagua mlango mmoja. Ama uzime utafsiri wa Steam kwa gemu hii peke yake (Properties, kisha Controller), ama ufunge ile programu nyingine. Kisha fungua upya gemu, si menyu tu.

Kama haisomwi kabisa, anza na waya. Waya nyingi za simu ni za kuchajia pekee, hazipitishi data, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na zile nzima. Baada ya hapo andika joy.cpl kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows. Padi ikionekana pale na vitufe vinawaka, kifaa ni kizima na tatizo liko kwenye mipangilio. Isipoonekana, badilisha tundu la USB, usitumie hab, jaribu kwenye kompyuta nyingine.

Fimbo za arcade nyingi zina swichi ndogo ya kuchagua PS3, PS4 au PC. Ikiwa upande usio wake, gemu inaweza kuiona fimbo lakini vitufe vya gemu (A, B, C na D) vikawa vimehamahama: A inatoa C, D haitoi kitu. Rekebisha swichi kwanza. Ukianza kupanga upya vitufe ndani ya gemu huku swichi iko vibaya, unajenga juu ya msingi mbovu, na siku ukiihamisha swichi utaanza upya.

Nimebonyeza, pigo halikutoka

Hapa panahitaji subira, kwa sababu chanzo kinaweza kuwa kibodi, padi, au mkono, na kila kimoja kina tiba yake.

Wanaotumia kibodi za bei ya chini wana tatizo ambalo halionekani kwenye gemu nyingine. Type Lumina inadai vitufe vingi kwa pamoja: Heat, hali ya nguvu maalumu ya mhusika, inaitwa kwa A, B na C kwa wakati mmoja, mara nyingine huku umeshikilia upande wa kurudi nyuma. Hivyo ni vitufe vitatu au vinne. Kibodi nyingi za kawaida haziwezi kuripoti michanganyiko fulani ya vitufe vitatu. Cha tatu kinamezwa. Fungua Notepad, bonyeza kwa pamoja vile unavyovitumia kwenye gemu, uone herufi ngapi zinatokea. Zikitokea mbili, kibodi imekataa. Hamisha A, B, C na D kwenda sehemu nyingine ya kibodi mpaka upate mchanganyiko unaopita wote. Wengi hupona hapo bila kununua chochote. Na ikiwa padi yako ina vitufe vya mabegani ambavyo hauvitumii, pangia kimojawapo mchanganyiko mzima wa A, B na C.

Kwa padi, kagua kijiti kinachoteleza. Kwenye mazoezi, ondoa mikono kabisa na utazame onyesho la vitufe: mshale wowote ukijiandika wenyewe, kijiti kimechoka. Tumia vitufe vya msalaba badala yake, na kwa kweli kwa gemu ya namna hii ni bora zaidi hata kijiti kikiwa kizima, kwa sababu robo duara ya chini kwenda mbele inatoka safi. Kubadilisha kijiti chenyewe kunahitaji kuyeyusha risasi katika pini nyingi zilizosongamana; mpelekee fundi wa simu mwenye vifaa, na kama padi bado ina dhamana usiifungue.

Kisha kuna yale yanayodhaniwa kosa kumbe ndivyo gemu ilivyo. "Nabonyeza A mara kadhaa, mhusika anaendelea na mapigo nisiyoyaagiza." Hiyo ni Rapid Beat, mfululizo wa kujiendesha uliowekwa kumsaidia anayeanza. "Nataka kumkamata, anainua kinga." Kukamata ni A na D pamoja, D ikitangulia hata kwa fremu chache (picha moja moja za gemu), gemu inaisoma kama Shield. "Nabonyeza B na C, mara mhusika anawaka, mara hakuna kitu." B na C huita Moon Drive, inayolipiwa na kipimo cha mwezi, kipimo kikiwa hakitoshi, haiji. Onyesho la vitufe ndilo shahidi wako katika haya yote. Likionyesha ulichokusudia na pigo bado halikutoka, tatizo ni muda wa kubonyeza au kipimo. Likionyesha kitu kingine, tatizo ni kifaa au kidole.

Gemu nzima inakwenda polepole, kama watu wanapigana ndani ya maji

Type Lumina inahesabu kila kitu kwa fremu 60 kwa sekunde, yaani fremu moja ni kama milisekunde 16.7. Gemu nyingi za risasi zikizidiwa huruka fremu na kuendelea kwa kasi ileile. Gemu ya kupigana haiwezi kufanya hivyo bila kuharibu mapigo, kwa hiyo mashine ikishindwa, muda wenyewe unanyooka. Mtandaoni jambo hili ni zito zaidi: kompyuta yako ikishindwa kufika 60, mpinzani analazimika kukusubiri, naye atasema una intaneti mbovu. Ndiyo maana napenda mtu apime mashine yake kabla ya kuingia kwa watu.

Laptopu iliyo kwenye betri ndicho chanzo cha kwanza. Chomeka chaja, weka mpango wa umeme kwenye utendaji wa juu. Halafu punguza ubora wa picha ndani ya gemu, funga kivinjari chenye tabo nyingi, zima kurekodi kwa Xbox Game Bar.

Kama dakika za mwanzo ni nzuri na usumbufu unaanza baadaye, ni joto. Safisha matundu ya feni kwa hewa ya kupuliza, inua laptopu kutoka kwenye kitanda au zulia. Laptopu ya miaka mingi huenda inahitaji kubadilishiwa pesti ya prosesa, kazi ya muda mfupi kwa fundi mwenye uzoefu.

Ukiona sehemu ya chini ya laptopu imevimba, au padi ya kugusa imeinuka, zima mara moja, chomoa chaja na usiiwashe tena. Hiyo ni betri iliyojaa gesi na inaweza kushika moto. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, usiiweke karibu na kitanda. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.

Kwenye televisheni kuna dalili inayofanana nayo lakini si yenyewe: gemu inakwenda kasi yake ila vitufe vinachelewa. Televisheni inapendezesha picha kabla ya kuionyesha. Washa hali ya Game kwenye mipangilio yake na uzime ulainishaji wa mwendo.

Mtandaoni mpinzani anaruka-ruka

Type Lumina inatumia mfumo wa kurudisha nyuma. Kwa kawaida kompyuta yako haimsubiri mpinzani. Inakisia atakachobonyeza, inaendelea, na taarifa ya kweli ikifika tofauti, inarudi fremu kadhaa nyuma na kuchora upya. Ukisio ukiwa sahihi huoni kitu. Ukiwa na makosa, mpinzani "anaruka". Kwa hiyo kinachoumiza si umbali peke yake. Kinachoumiza zaidi ni muda wa safari ya taarifa unaobadilikabadilika: milisekunde 120 zisizotikisika zinachezeka kuliko 60 zinazopanda hadi 200 na kushuka.

Anzia ndani ya nyumba. Fungua Command Prompt, uandike ping -n 50 ikifuatiwa na anwani ya ruta yako, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kufika kwenye ruta kunapaswa kuchukua milisekunde chache tu kila mara. Ukiona 2, 3, 2, 90, 4, 150, basi kosa liko kati yako na ruta, mita chache tu, na mtoa huduma hana hatia. Tumia waya. Kama waya haufiki, hamia Wi-Fi ya 5 GHz na ukae karibu. Switch ya kwanza haina tundu la waya wa mtandao kwenye kizimba chake cha kuunganishia TV, unahitaji adapta ya USB; kizimba cha modeli ya OLED kinalo. Anayetumia data ya simu aunganishe simu kwa waya wa USB badala ya kugawa kwa Wi-Fi, ataondoa mtikisiko mwingi.

Ndani ya nyumba kukiwa shwari, rudia ping kwa anwani ya nje, kwanza wakati hakuna anayetumia mtandao, kisha wakati mtu anashusha filamu. Namba zikipaa katika hali ya pili, foleni iko kwenye ruta yako. Punguza kasi ya vifaa vingine kwenye mipangilio yake kama inaruhusu, au mkubaliane nyumbani saa za kucheza.

Baki la mwisho ni jiografia, na hilo halina tiba. Mwanga ndani ya waya wa nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar es Salaam hadi Tokyo ni zaidi ya kilomita 11,000 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 110, na mikongo ya baharini hainyooki. Aliye Afrika Mashariki atafute wapinzani wa kanda yake na Afrika Kusini kwanza, kisha Ghuba na Ulaya. Na kuna siku ambazo kosa si la yeyote mchezoni: Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ikadorora nchi nyingi za ukanda huu kwa siku kadhaa. Ukiona kila kitu kimezorota kwa wakati mmoja, uliza majirani kabla ya kugusa mipangilio.

Hupati mpinzani, au muunganisho unakataa

Type Lumina haiunganishi mashine tofauti. Wa Steam anakutana na wa Steam, wa PlayStation na wa PlayStation. Rafiki akikuambia hakuoni kwenye chumba, muulize kwanza anatumia nini. Kisha hakikisheni wote mna toleo jipya la gemu. Kwenye konso, angalia kama usajili wa kulipia wa mtandao bado uko hai; Steam haidai usajili huo.

Kwenye CCCaster kukataa mara nyingi kunatokana na anwani ya pamoja, ambayo ni kawaida kwa mitandao ya simu. Linganisha anwani ya WAN (ya upande wa nje) iliyo kwenye ruta na ile inayoonyeshwa na tovuti za kukagua IP. Zikitofautiana, au ile ya ruta ikianzia 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya anwani inayogawanywa na wateja wengi. Kufungua mlango kwenye ruta hakutasaidia. Mwombe rafiki aandae chumba upande wake, au mpigie mtoa huduma uulize bei ya anwani ya umma. Usimpe mtu usiyemjua ruhusa ya kuingia kwenye kompyuta yako kutoka mbali "akufungulie mlango".

Mhusika wangu hayupo, na hadithi siielewi

Gemu ilianza na wahusika 14. Walioongezwa baadaye, kama Aoko Aozaki, Neco-Arc na Mash Kyrielight, hawalipiwi, ila kila mmoja huchukuliwa dukani kama nyongeza. Usipokwenda kumchukua, hutamwona. Lakini ukimtafuta Sion, Len au Nero Chaos, acha: hawamo. Hao ni wa Melty Blood za zamani, nenda Actress Again Current Code.

Sababu ya kutokuwepo kwao ndiyo sababu ya hadithi kukupiga chenga. Type Lumina imejengwa juu ya Tsukihime iliyoandikwa upya, A piece of blue glass moon, iliyotoka Japani Agosti 26, 2021, mwezi mmoja tu kabla yake. Humo ndimo walimozaliwa Vlov Arkhangel, Noel na Mario. Kiingereza chake kilichelewa hadi Juni 27, 2024, kwa hiyo kwa karibu miaka mitatu wachezaji wasiojua Kijapani walikuwa wakipigana na watu wasiowajua. Riwaya hiyo ilitolewa kwa PlayStation 4 na Switch, nayo ina njia mbili za hadithi: ya mhusika Arcueid na ya mhusika Ciel. Kama unakusudia kuisoma, isome kabla ya kuchimba hali ya hadithi humu, na usifungue nyongeza za wahusika mpaka umalize njia ya Ciel, maana majina na sura zao yanatoboa siri ambazo Nasu amezificha kwa saa nyingi za kusoma.